Chozi, Ngeli ya Ngapi

Julai, Buruburu, awamu ya tatu.
Baridi imekaa uani kama mgeni asiyeaga.
Kwenye kioo cha pembeni cha Pijo ya baba,
tok, tok, tok,
ndege asiyejaza kiganja
anapigana na mwenzake aliye ndani ya kioo.

Kifua kijani, akigeuka kinakuwa buluu,
tumbo njano kama kiini cha yai la kienyeji,
mdomo umepinda, sindano ya kushonea magodoro.
Mama yuko dirishani na kikombe chake:
"Hii ndege iko na wazimu. Inaitwaje?"
"Chozi."
"Chozi? Kama ile ya macho?"
"Kama lile la macho," nikasema,
mwalimu wa Kiswahili hata kabla ya kunawa uso.

Kazi yangu ni kalamu nyekundu.
Insha arobaini na nane kila Ijumaa.
Chozi lilimdondoka: vema, ngeli ya LI-YA.
Chozi aliruka: vema, ana uhai, A-WA.
Silabi moja tu
inamtenga mwenye mabawa na kile kinacholowesha leso.

Mama ana miaka arobaini na moja Nairobi,
na kwake kila kitu ni i-.
Maji imepotea. Paka imezaa. Giza imeingia.
Nimemsahihisha tangu darasa la tano,
naye hunijibu, "Si umeelewa?"
Hata usiku ule wodini, akiwa ameshika miguu ya baba
juu ya blanketi la hospitali,
alisema, "Roho imetoka,"
na kwa sentensi hiyo moja
sikuwa na la kusahihisha.

Hakulia Mitaboni tulipomzika.
Alihesabu sahani za kukodi, zikapungua mbili,
akamkumbuka hata aliyezichukua.

Siku ya nne ya tok, tok,
alitoka na soksi ya baba, ya kahawia,
imetoboka kisigino,
akaivisha kioo.
"Ipumzike."
Chozi akahamia kioo cha upande wa pili.
Mama akatafuta soksi ya pili chini ya kitanda,
ndani ya viatu, kwenye ndoo ya nguo za kufua.
Soksi za baba hazikuwahi kuwa na pacha.
Akarudi na kofia ya sufu ya mjukuu.

Basi yule ndege, maskini, akakosa adui.
Alikaa juu ya waya wa nguo, akajikung'uta,
kisha akashuka kwenye mshubiri
tuliouotesha ndani ya mkebe wa rangi.
Chungu kama shubiri, tunawafundisha watoto,
tashbihi, alama moja.
Huyu hajawahi kukaa darasani.
Alizamisha mdomo kwenye ua jekundu
akanywa,
akasogea ua la pili, akanywa.

Kamotho dalali alikuja Jumamosi.
Akapiga teke gurudumu, akacheka soksi,
akatoa elfu themanini na tano, noti zilizofungwa kwa mpira.
Mama hakubishana. Nilidhani atabishana.
Alivua soksi, akavua kofia,
akafuta vile vioo viwili kwa upindo wa leso
kana kwamba mtu anakwenda safari.
Gari likavutwa kwa kamba hadi langoni,
likapiga kona pale kwa muuza makaa.

Likabaki doa la oili
na mstatili wa saruji ambayo haijaona jua tangu Machi.

Jumapili hapakuwa na tok.
Nilikuwa mezani, insha ya thelathini na kitu,
mtoto mmoja ameandika machozi ilitiririka,
na kalamu yangu imeshashuka.
Mama dirishani. Kikombe hakitoi mvuke tena.
Akasema, polepole,
"Chozi imekuja."

Nje, ua la mshubiri lilikuwa linatikisika,
au ulikuwa upepo.
Sikugeuka kumtazama usoni.
Niliifunika kalamu,
nikaenda kumwongezea chai.